Barua ya wazi kwa wanaotuchorea simu

Kibanda cha Fundi Simu,
Ngamiani, Tanga.

Kwa Wakuu wa Idara za Ubunifu,
Kampuni zinazotengeneza simu na kutuuzia Afrika Mashariki.

YAH: GUNDI, BETRI NA WAJIBU WA ANAYECHORA

Waheshimiwa Wakuu,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu. Salamu nyingi kutoka Tanga. Sisi hatujambo, wanaoumwa ni simu.

Mimi ni fundi simu. Kazi hii niliianza mwaka 2006, nikitumwa soda na kushika tochi wakati fundi wangu analehemu. Leo nina kibanda changu. Mezani nina taa ya kukunja, bisibisi za kila ncha, mashine ya upepo wa moto, na chini ya meza nina ndoo 2 za mchanga ambazo habari yake inakuja. Sikupenda kuyaandika haya hadharani. Nilianza kwa barua pepe kwa kampuni moja kati yenu, nikajibiwa na mashine kwamba maoni yangu yana thamani kubwa. Nikaandika tena: mashine ileile, thamani ileile. Mara ya tatu nilipanda basi hadi Dar es Salaam kwa wakala, nikakaa kwenye benchi tangu saa 3 asubuhi, hadi kijana mmoja mstaarabu akanisikiliza mpaka mwisho. Akaniambia, "Kaka, unayosema ni kweli tupu, ila sisi hapa tunauza tu. Hayo wanaamua wanaochora."

Basi nimeachana na wanaouza, nawaandikia ninyi.

Ninyi hamnijui, lakini mimi nawajua. Kila siku naingia ndani ya kazi yenu. Nikishafungua mgongo wa simu naona mahali mlipomkumbuka mtu atakayekuja kuitengeneza, na naona mahali mlipomfukuza. Zamani nilikuwa naona zaidi mahali pa kwanza. Siku hizi naona zaidi mahali pa pili. Malalamiko yangu ni 4.

1. Gundi.

Hili ndilo kubwa, mnivumilie nikirefusha.

Kuna betri inaitwa BL-5C. Hapa mtaani hata mtoto anaijua. Ndiyo iliyokuwa ndani ya Nokia 1100, simu iliyotoka mwaka 2003. Aliyeichora simu ile alikuwa amefikiria watu: vitufe vyake ni kipande kimoja cha mpira ili vumbi lisipenye, na kichwani ina tochi kwa sababu kuna watu wengi duniani ambao usiku wao hauna taa. Simu za tochi zikapata majina, mulika mwizi, kitochi, na mpaka leo tunayatumia. Betri yake ilitoka kwa ukucha.

Agosti 2007 Nokia walitangaza kwamba betri milioni 46 za BL-5C, zilizotengenezwa na Matsushita kati ya Desemba 2005 na Novemba 2006, zinaweza kupata moto kupita kiasi zikiwa kwenye chaji. Milioni 46! Na dawa yake ikawa nyepesi: toa betri, soma namba, kama imo kwenye orodha unapewa nyingine, na simu yako inabaki mfukoni. Sasa linganisheni na mwaka 2016, Samsung walipotoa Galaxy Note 7 ambayo betri yake mwenyewe huwezi kuitoa. Zilipoanza kuwaka, zikaitwa simu takriban milioni 2.5 zirudishwe nzima nzima, kioo, kamera, bodi na vyote. Hata zile zilizotolewa badala yake nazo zikawaka, mpaka toleo zima likafutwa sokoni. Kosa la betri likaondoka na simu nzima, kwa kuwa anayechora alishaamua kwamba betri na simu watazikwa kaburi moja.

BL-5C yenyewe bado ipo hai. Iko kwenye redio ndogo za sokoni. Kuna mzee jirani yangu husikiliza taarifa ya habari ya saa 2 usiku kwa betri ambayo simu yake ilikufa zamani.

Sasa niwaonyeshe ya leo. Mama mmoja anayeuza samaki Deep Sea alinijia na simu iliyoumuka kama mkate wa kumimina. Betri imevimba, imeusukuma mgongo wa kioo ukaachia upande mmoja. Nikaiweka kwenye moto wa nyuzi kama 80, nikapitisha kadi ya plastiki pembeni taratibu, robo saa nzima. Mgongo ukafika nusu, ukapiga ufa. Ndani nikakuta skrubu za aina 2 tofauti kwenye mfuniko mmoja (kwa nini, jamani?), na chini ya betri gundi nyeusi. Mliweka kilimi cha kuvuta ili betri itoke, nakiri. Nikakivuta, kikakatika, kama kinavyokatika kila mara simu ikishakaa miaka 2 kwenye joto la Pwani. Ikabaki kudondosha spiriti, kungoja, kuchokonoa. Betri ikapinda kidogo tu. Kwanza harufu, kama rangi ya kucha iliyomwagika, halafu uzi wa moshi. Niliitupa kwenye ndoo ya mchanga ikiwa inafuka na nikasogeza kiti cha mteja kwa mguu.

Mama alikuwa amekaa kwenye kiti hicho. Laini yake ilikuwa mkononi mwangu, na ndani ya laini hiyo kulikuwa na hela ya kununulia mzigo wa kesho alfajiri.

"Mwanangu, ile ya zamani si nilikuwa naitoa betri mwenyewe?"

"Ndiyo, mama."

"Sasa hawa waliobadilisha walimuuliza nani?"

Sikuwa na jibu, nami nalileta swali kwenu kama lilivyo. Alikuja kubadili betri, akaondoka na deni la betri na la mgongo. Mgongo niliuvunja mimi, ndiyo, kwa mkono wangu. Lakini mlishauchora uvunjike.

2. Vipuri vilivyofungishwa ndoa.

Mteja analeta simu 2 za toleo moja. Moja imeingia maji ya chumvi, bodi imekufa, kioo kizima. Nyingine kioo kimepasuka, bodi nzima. Kwa akili ya kawaida natoa kioo huku naweka kule, mtu analipa ufundi tu na kwenda zake. Nikimaliza, simu inawaka na maandishi kwamba kioo si halisi. Halisi kivipi, wakati nimekitoa kwenye simu yenu wenyewe? Wakati mwingine mwanga unagoma kujirekebisha, alama ya kidole inakataa, au kufungua kwa uso kunakufa kabisa. Mmekifungisha kioo ndoa na bodi kwa namba ya siri, na kadhi wa kutoa talaka ni ninyi peke yenu, tena anakaa nchi nyingine.

Na mteja haelewi hayo. Anachoona ni maandishi yanayosema fundi wa Ngamiani kaweka kitu feki. Miaka 20 ya jina langu inafutwa na sentensi moja mliyoiandika mkiwa kwenye kiyoyozi. Kati ya yote 4, hili ndilo linaloniuma binafsi.

3. Simu nzima inayoambiwa imekufa.

Hili fupi. Simu haina ufa, betri inakaa, spika inalia, halafu programu zinaanza kumkimbia mwenyewe kwa sababu mliacha kumpelekea masasisho, yaani maboresho ya mfumo wa simu. Tangu Januari 1, 2025 WhatsApp imeacha kufanya kazi kwenye Android 4.4. Najua programu hiyo si yenu, na najua huo ni mfumo wa mwaka 2013. Lakini nani alizifungia simu zile kwenye mfumo uleule hadi mwisho? Na kwa nini boksi la simu mpya lina idadi ya kamera kwa herufi kubwa, ila mwezi ambao masasisho yatakoma haupo hata kwa herufi ndogo?

Tusisahau pia Desemba 2017, Apple walipokiri kwamba walikuwa wanapunguza kasi ya baadhi ya iPhone zenye betri iliyochoka bila kumwambia mwenye simu vizuri. Ufaransa iliwatoza faini ya yuro milioni 25 mwaka 2020. Watu wangapi walinunua simu mpya wakati walihitaji betri tu? Mimi nawaona, wanapita hapa mbele ya kibanda.

4. Ndoo 2 chini ya meza.

Ndoo ya kwanza ni ya dharura, mmeshaiona ikifanya kazi. Ya pili ndiyo makaburi. Humo nazika betri zilizovimba, kila moja na tabaka lake la mchanga, maana nikizitupa jalalani zitaokotwa na watoto au zitachomwa pamoja na maganda ya ndizi. Ndoo ikijaa natafuta nyingine. Sasa nina ndoo 5 uani kwangu na mke wangu ameshauliza mara 2 kama nafungua duka la mchanga. Naishi na mzigo ambao si wangu. Mlipoichora betri mlijua itadumu miaka 3 au 4. Mliandika wapi itakapokwenda mwaka wa 5?

Taarifa ya Umoja wa Mataifa ilisema mwaka 2022 dunia ilizalisha taka za umeme na elektroniki tani milioni 62, na zilizokusanywa na kurejelezwa kwa utaratibu unaojulikana hazikufika hata robo. Kwetu, utaratibu unaojulikana ni ndoo. Rwanda wana kiwanda cha kushughulikia taka hizi kule Bugesera, nawapongeza. Lakini kutoka Tanga hadi Bugesera betri iliyovimba itapanda basi gani?

Ndani ya betri hizo kuna madini ya kobalti. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inachimbwa Kongo, na mji unaotajwa sana ni Kolwezi. Watu wa kule wanazungumza Kiswahili, cha kwao, lakini tunaelewana. Wapo wanaoshuka kwenye mashimo kwa kamba na tochi ya kichwani, na humo wamewahi kuonekana watoto. Kijana wa Kolwezi anaitoa ardhini kwa jasho, inazunguka Uchina, inakuja Tanga, inakaa mfukoni miaka 3, halafu mimi nairudisha mchangani kwa sababu tu gundi ilikuwa nafuu kwenu kuliko skrubu. Nikiwa nafunika ndoo huwa namfikiria yule kijana. Yeye anachimba, mimi nafukia.

Waheshimiwa, najua mtakayosema, kwa sababu nimeshayasikia kwenye benchi na kwenye barua za mashine.

Mtasema gundi ndiyo inayozuia maji. Samsung hao hao walitoa Galaxy S5 mwaka 2014: mgongo unafunguka kwa ukucha, betri inatoka, na simu inazama mita 1 ya maji kwa nusu saa ikatoka salama. Nimeifungua mara nyingi. Pembeni mwa mgongo ina ukanda wa mpira, basi, kama mfuniko wa chupa ya chai.

Mtasema bei: mwataka simu rahisi, hii ndiyo namna ya kuirahisisha. Nendeni duka lolote, ombeni simu ya bei ya chini kuliko zote. Mtapewa kitochi. Geuzeni, bonyezeni mgongo. Betri hiyoo. Simu ya maskini kabisa inafunguka, na simu ya laki 5 haifunguki. Hiyo ni hesabu ya nani?

Mtasema usalama, kwamba fundi wa mtaani atajiunguza. Nimeungua mara 3, na zote nilikuwa napambana na gundi. Kwa kitochi sijawahi.

Mtasema kuunganisha vipuri kwa namba ni kuzuia wezi. Hapa sina ubishi mkubwa, wezi wapo na vipuri vya wizi vinapita hata mbele yangu. Basi fungeni kipuri kilichoripotiwa kuibiwa, na kilicho halali mkiache. Mtu mwenye simu zake 2 na risiti zake 2 si mwizi.

Na kuna mmoja kati yenu atasema kwa sauti ya chini kwamba yeye ni mwajiriwa, maelekezo yanatoka kwa watu wa mauzo. Huyu namheshimu kuliko wote, kwa hiyo namjibu kwa kirefu kidogo. Kaka, au dada, hata mimi hupewa maelekezo. Huja watu wananiambia niweke betri feki, nisafishe simu ing'are, wakaiuze kwa mtu asiyejua. Wanalipa vizuri. Nimewahi kukataa siku ambayo sikuwa na hela ya unga, na nakiri kuna siku nilikubali, na ile simu naikumbuka hadi rangi. Kwa hiyo sikuambii ni rahisi. Nakuambia mkono ulioshika kalamu ulikuwa wako. Hapa kwetu msanifu wa majengo anasajiliwa na bodi, na jengo likianguka jina lake linatafutwa. Mbunifu wa simu ana bodi gani? Ninayoijua mimi ni hii ninayoilehemu.

Sasa maombi yetu. Nasema yetu kwa sababu nimekaa na mafundi wenzangu wa barabara hizi za Ngamiani na tumekubaliana.

Betri ifungwe kwa skrubu, au kwa gundi inayoachia bila moto na bila spiriti. Hili si ndoto. Sheria ya betri ya Umoja wa Ulaya iliyopitishwa mwaka 2023 inataka kuanzia Februari 18, 2027 betri za vifaa kama hivi ziweze kutolewa na mtumiaji mwenyewe. Ingawa wameacha mwanya kwa simu zisizoingia maji zenye betri inayodumu sana, na nahofia wote mtapita kwenye mwanya huo. Tunachoomba ni kwamba umbo mtakalolichora kwa ajili ya Ulaya ndilo lije na huku, mwaka uleule. Msituchoree la pili la kutumalizia gundi iliyobaki.

Vipuri halisi na michoro ya bodi viuzwe kwa fundi yeyote, wa Tanga, Mombasa, Goma au Bujumbura, bila kulazimika kuwa wakala. Tangu Juni 20, 2025 mnalazimika kuwa na vipuri Ulaya kwa miaka 7 baada ya toleo kuacha kuuzwa, na kutoa masasisho ya mfumo kwa angalau miaka 5. Mmeshakubali kwao, kwa hiyo uwezo mnao. Kifaa cha kuvioanisha vipuri halali kiwe wazi kwetu, na yale maandishi ya "si halisi" yaondoke kwenye kipuri kilichotoka kwenye simu yenu.

Boksi liandikwe mwezi na mwaka masasisho yatakapokoma. Ufaransa kuanzia mwaka 2021 simu dukani iliwekewa alama kati ya 10 ya urahisi wa kutengenezeka. Wekeni na huku, kwa Kiswahili. Wateja wangu wanajua kusoma namba.

Na mje mchukue betri zenu. Kituo kimoja kila mkoa kwa kuanzia, gharama juu yenu. Ndoo zangu nitawapa bure pamoja na mchanga.

Naomba majibu ya maandishi, yenye jina la mtu. Kama hilo ni gumu, njooni Ngamiani wenyewe. Ulizeni kwa fundi wa ndoo, mtaonyeshwa. Leteni simu yenu mpya kuliko zote, mnayoionea fahari. Nitawapa bisibisi zangu, kadi, mashine ya moto na kiti changu, kisha mwenye kuichora aitoe betri mbele yangu. Mchanga nitashika mimi.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Fundi simu,
Ngamiani, Tanga.

Nakala:
Tume ya Ushindani
Shirika la Viwango Tanzania
Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira
Mama wa Deep Sea, aliyeuliza swali